Siku Kahora Alipokanyaga Mafuta

Habari ilinikuta sokoni Mukurweini nikichagua ndizi, nikacheka mpaka mwenye ndizi akaniuliza kama niko sawa. Ati mzee Kaburu ameshikwa na polisi. Ati kwa sababu ya mbio. Nilimwambia aliyeileta habari hiyo arudi akaulize vizuri, maana Kaburu akishikwa barabarani, basi ni kwa kosa la kusimamisha gari katikati ya njia huku yeye akidhani analiendesha.

Sikuwa namtukana. Kila mtu wa huku angesema hivyo hivyo.

Kaburu si mzaliwa wa hapa. Alitoka upande wa Meru, akaoa Mbeti kutoka Embu, na wakaja kwetu zamani, yeye akiwa dereva wa lori la kahawa, enzi zile kahawa ilipokuwa bado na heshima yake na watu walijenga nyumba za mawe kwa mavuno ya msimu mmoja. Kazi ya lori ilipokwisha alinunua gari aina ya Pijo, kuukuu, ya rangi ya maziwa, akaing'arisha hadi ukaweza kujipaka mafuta ya uso kwa kujitazama mlangoni, na tangu hapo akawa mbeba maharusi. Mimi naitwa Waithira, na kazi yangu ni kupamba. Napamba kanisa, napamba hema, lakini sifa yangu hasa ni gari la bibi harusi. Nilianza kufunga riboni kwenye ile Pijo nikiwa bado msichana, namsaidia mama yangu, na leo naijua boneti yake kuliko nilivyowahi kuujua uso wa marehemu mume wangu.

Kuendesha gari la harusi kwetu ni ufundi, wala si mchezo. Wanawake wa upande wa bibi harusi hutangulia mbele ya gari wakiimba na kucheza, na gari huwafuata nyuma. Hawana haraka na mtu. Wakipata mahali pazuri husimama, wakarudi nyuma kidogo, wakauanza wimbo upya, na kama kuna jirani aliyechelewa kutoka kwake watamngoja afunge kitambaa. Dereva asiyejua hupiga honi. Au injini yake inachemka na moshi unamfukia bibi harusi. Au mguu unamteleza na bampa inamgusa shangazi mtu, na hapo harusi imegeuka kesi. Kaburu hakuwahi kumgusa yeyote. Aliweza kuitembeza Pijo kwa mwendo wa nyanya mwenye mkongojo kutoka barabara kuu hadi kanisani, na gari lisikohoe hata mara moja. Watu wakamwita Kahora, ambalo kwa Kikuyu chetu ni polepole, na jina likamkaa hata kasisi akalitumia kwenye matangazo.

Shida ni kwamba aliendesha vivyo hivyo hata barabara ikiwa tupu. Boda boda zilimpita zikiwa zimebeba vitanda. Nimewahi kushuka kwenye gari lake nikanunua chumvi dukani, nikalikuta mbele kidogo, nikapanda tena.

Na mbele ya Pijo, enzi hizo, alikuwa Mbeti. Ningependa muione picha hiyo kama ninavyoiona mimi. Mbeti ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kuvuka bonde, na alicheza akirudi kinyumenyume, uso wake ukimtazama mumewe kwenye kioo cha gari. Wimbo ukikolea alipiga boneti kwa kiganja na kupaza sauti, "Kaburu, ongeza bana! Tutazeekea hapa!" Watu walikufa kwa kicheko. Kaburu alitabasamu chini ya kofia na hakuongeza chochote. Hiyo ilikuwa sehemu ya harusi, kama keki. Siku hizi harusi ni msururu wa magari ya kukodi yaliyofanana rangi, na kidude cha kupiga picha kinanguruma juu ya vichwa vyetu kama nyuki aliyekosa mzinga, na wasichana wanaoimba wanasoma maneno kwenye simu. Sisemi ni vibaya. Nasema tu nilikuwa napenda zile zetu.

Mbeti haimbi tena. Ni miaka sasa tangu alipoanza kusahau. Kwanza alisahau sufuria motoni, kama sisi sote. Kisha njia ya kwenda kanisani. Kisha majina, na mwishowe akamsahau hata Kaburu. Humwita "dereva." Kila asubuhi Kaburu humvisha, humpikia uji, humfunga kitambaa kichwani vibaya, na mimi nikipita nakifunga upya, naye Mbeti anatuangalia wote wawili kama wageni wenye adabu.

Basi ndiyo maana nilicheka pale sokoni. Lakini habari ilikuwa ya kweli. Kaburu alikuwa akimrudisha Mbeti kutoka kwa daktari huko Embu, na walipokuwa katika ile barabara mpya pana, kati ya Sagana na Karatina, penye kibao cha hamsini kwa sababu ya shule, mashine ya polisi ilimsoma tisini na moja. Tisini na moja! Mwendo huo hauwezi kumalizwa kwa faini ya barabarani. Ni kortini. Aliyemshika ni polisi wa kike anayeitwa Phelister, mtu wa upande wa ziwa, na kwa haki yake niseme kwamba hakuomba kitu kidogo. Alimwandikia, akamwambia siku ya kufika Karatina mbele ya hakimu, akamwacha aende.

Mukurweini nzima ilikataa. Tulikataa kwa pamoja, jambo ambalo kwetu ni adimu. Mashine imeharibika, tulisema. Au ilisoma gari lingine likamwandika mzee wa watu. Aliyekuwa na ghadhabu kuliko wote ni Kingori, mwenyekiti wa kamati ya harusi kanisani, mtu wa kupenda utaratibu, aliye na kalamu mbili mfukoni kila siku ya Mungu. Alikuwa na sababu yake. Binti yake Shirleen alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ile ile ya kesi, na kama mabinti wote wa kanisa letu, alipaswa kubebwa na Kahora.

"Akane," Kingori alituambia baada ya ibada. "Akane tu. Sisi tutaenda wote, tusimame nyuma yake. Waithira, wewe uko na zile mapicha za harusi. Zibebe zote."

"Na akisema ni kweli?" nilimuuliza, kwa uchokozi tu.

Kingori alinitazama kana kwamba nimemmwagia chai. "Akisema ni ukweli, siwezi mpatia msichana yangu. Na si yangu peke yake. Hakuna bibi harusi wa hii kanisa atabebwa na mtu ya tisini na moja."

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi. Neno moja lingemwachia Kaburu jina lake na kazi yake, na neno lingine lingeyachukua yote mawili. Binti ya Kaburu, Gatwiri, anayefanya kazi Nyeri mjini katika ofisi za kaunti, naye alipiga simu akasema kuna mtu anamjua, na hayo mambo yanaweza kupotea kabla ya kufika kwa hakimu. Kaburu alimwambia atulie. Tulipomuuliza sisi atasema nini kortini, alijibu, "Tutaona." Tutaona! Mtu anapigwa na mvua, unampa mwavuli, anakwambia tutaona. Nilikasirika, nikajifunga leso na kwenda kwake.

Nilimkuta ameketi kwenye varanda na Mbeti, jua la alasiri likiwapiga miguuni. Mbeti alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Akimaliza, Kaburu huyachanganya tena, na Mbeti huanza upya, na huo ndio mchana wao.

"Baba Gatwiri," nilisema kabla hata sijakaa, "watu wameshalipia gari ya kanisa. Kingori ameomba ruhusa kazini. Wewe utasema aje huko kortini?"

"Sijui, Waithira."

"Hujui nini? Utasema si ukweli. Kwani wewe umewahi kukimbia?"

Alimtazama Mbeti, kisha akatazama mikono yake. "Nilikimbia," alisema.

Nikakaa chini.

"Daktari alikuwa ameniambia nisingoje kitu tena," aliendelea, kwa sauti yake ile ya chini inayobeba Kimeru ndani yake. "Aliniambia pole pole, kama mtu mzuri. Ati ile yenye imeenda, imeenda. Sasa tukatoka. Huyu hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Tukapita Sagana, hiyo barabara ikafunguka, hata mlima ilikuwa imetoka, nyeupe, haina wingu. Mimi naenda tu kama kawaida yangu. Halafu nikasikia, 'Ndege, ongeza.'"

Nilimuuliza Ndege ni nani.

"Ni mimi. Hiyo jina hakuna mtu anajua. Hata Gatwiri hajui. Ni ya wakati nilikuwa naenda kumtafuta kwao Embu na lori ya kahawa. Nilikuwa kijana, Waithira, ungeniona. Nilikuwa nakimbiza ile lori kutoka huko juu Kianjokoma, yeye ameketi hapa kando, na kila kona anasema, ongeza. Ongeza, Ndege! Anacheka mpaka machozi."

"Wewe?" nilisema. "Wewe, Kahora?"

"Mimi. Halafu akapata mimba ya Gatwiri. Siku moja nilipiga shimo mbaya, akaumia, tukalazwa hospitali. Karibu tumpoteze mtoto. Siku hiyo mguu yangu ilitoka kwa mafuta na haikurudi. Yeye alipona, akasahau, akaanza tena kuniambia niongeze. Mimi nikakataa. Miaka hiyo yote nilikataa. Unakumbuka vile alikuwa ananipigia boneti?"

Nilikumbuka. Nilidhani ule ulikuwa utani wa harusi. Kumbe alikuwa anamwomba kitu.

"Sasa juzi akaniita hiyo jina," alisema Kaburu. "Nikaongeza. Akasema tena, ongeza. Nikaongeza. Akacheka, Waithira, ile kicheko yake mwenyewe, yenye wewe unajua. Akaniuliza kama nimekula. Akaniuliza kama kahawa imelipa mwaka huu. Akaweka mkono yake juu ya yangu hapa kwa gia, vile alikuwa anafanya. Nikaona kibao ya hamsini. Niliiona, siwezi danganya. Nikasema kwa roho, wacha tu amalize kucheka."

"Halafu Phelister akatokea."

"Akatokea, mkono juu. Nikasimama. Akaja kwa dirisha, na huyu akamwambia, 'Afande, huyu ni bwana yangu. Anaitwa Ndege.' Huyo afande akacheka, akasema, 'Basi ndege imetua, mama.' Akaanza kuandika. Akaniambia, mzee, hapa watoto huvuka. Hiyo ilinikata maini, kwa sababu ni ukweli, hapo watoto huvuka. Na kabla amalize kuandika, nikaangalia huyu, nikaona ameenda tena. Tulipofika Karatina akaniuliza nampeleka wapi."

Mbeti alikuwa ameokota haragwe moja jeusi na kulitazama kwa makini. Mimi nililia. Sina aibu kusema, nililia hadi nikatumia leso yote, na nilipomaliza kulia nikawa mkali, maana ndivyo nilivyoumbwa.

"Sasa sikiza, Baba Gatwiri. Hiyo iweke kwa roho yako. Ni yako, na Mungu aliiona. Lakini huko kortini useme si ukweli. Hakimu hana haja nayo, na Kingori hana haja nayo. Ukisema ni ukweli watakunyang'anya maharusi, na wewe bila maharusi utakuwa unaamka unafanya nini? Unachanganya maharagwe?"

"Hiyo ndio nafikiria kila siku," alisema. "Na hiyo kazi naipenda. Nikiwa hapo nyuma ya wale wamama, mimi huona ni kama bado yuko hapo mbele, anarudi kinyumenyume. Nikiacha, hata hiyo nitakosa." Aliuchukua ungo taratibu, akayachanganya maharagwe, akaurudisha magotini mwa mkewe. "Lakini fikiria hivi. Yeye hakumbuki. Mimi ndio nakumbuka peke yangu. Sasa mimi nisimame mbele ya watu, niinue mkono na Biblia, niseme hiyo kitu haikutokea?"

Niliinuka nikaweka chai motoni. Tulikunywa chai. Niliondoka bila kujua atasema nini, na nadhani naye hakujua.

Sikumwambia mtu. Siri haikuwa yangu. Siku ya kesi nilibeba picha kama nilivyoagizwa, albamu tatu nzito, nikaenda Karatina katika Pijo pamoja nao kwa kuwa Mbeti alihitaji mtu wa kumshika mkono. Wenzetu walitutangulia kwa gari la kanisa. Tulipofika tuliwakuta wamejaa kwenye mabenchi ya korti kama waliokuja kuposa. Kulikuwa na mama Tabby, mwenye duka la vyandarua na sabuni, aliyekuwa tayari kuapa kwamba siku ya harusi yake mwenyewe alishuka kwenye Pijo akatembea kwa miguu, na akafika kanisani kabla ya gari. Kulikuwa na mzee Kahiga wa kwaya. Kingori alikuwa na suti na kalamu zake, na hotuba.

Nilifungua albamu nikingoja, na hilo lilikuwa kosa. Wote walikuwa humo. Wasichana waliovaa mikono ya kuvimba kama maputo, wale wenye glavu nyeupe, wale ambao sasa ni nyanya. Riboni zangu za kwanza, zilizofungwa vibaya. Na katika kila picha ya gari, mbele kabisa, mgongo wa Mbeti, au bega lake, au kiganja chake juu ya boneti, na nyuma ya kioo kofia ya Kaburu. Nilimwonyesha Mbeti. Aligusa gari kwa kidole. "Gari nzuri," alisema.

Kaburu aliitwa. Alikuwa amevaa suti yake ya kahawia ya harusini. Karani alisoma shtaka, na neno tisini na moja liliposikika watu wetu waliguna wote kwa pamoja hadi askari akatuonya. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, sauti yake haina haraka.

"Mzee, umesikia shtaka. Ni ukweli ama si ukweli?"

Kaburu aligeuka akatutazama. Alimtazama Kingori, aliyekuwa akitikisa kichwa kumsaidia: kana, kana. Alitazama albamu mapajani mwangu. Nitasema nilivyohisi: hata baada ya yote niliyosikia, nilitaka akane. Niliitaka Jumamosi ile, na Jumamosi nyingine zote, na ile kofia nyuma ya kioo. Kisha akamtazama Mbeti, ambaye hakuwa akimtazama. Alikuwa akiangalia dirishani, ambako sauti za soko zilikuwa zikiingia.

"Ni ukweli, mheshimiwa," alisema Kaburu.

Kelele zilizotokea hapo! Kingori alisimama wima. "Mheshimiwa, huyu mzee amechanganyikiwa! Huyu hawezi! Muulize mtu yeyote!" Mama Tabby naye akaanza ushuhuda wake bila kuitwa. Hakimu aligonga meza, akasema ameketi kwenye kiti hicho muda mrefu na hajawahi kuona umati uliokuja kumtetea mtu dhidi ya maneno yake mwenyewe, na tukikaa tutakaa kimya au tutakaa ndani. Tukakaa kimya. Phelister, aliyekuwa kando na mafaili yake, alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

"Mzee," hakimu alisema, "uko na chochote ya kusema kabla nikupatie adhabu?"

"Niko na kidogo. Sina ya kujitetea. Kibao niliiona, na hapo watoto huvuka. Mimi mwenyewe ndio nilikanyaga mafuta. Bibi yangu aliniambia niongeze, nikaongeza."

"Na kila siku akikuambia uongeze, utakuwa unaongeza?"

Kaburu alishika kofia yake kwa mikono yote miwili.

"Hajaniambia tena, mheshimiwa," alisema.

Hakimu alivua miwani. Alitazama benchi letu mpaka akampata Mbeti, na alikaa akimtazama kidogo. Kisha akavaa miwani, akaandika, akampiga faini ya kawaida na kumpa onyo la kumtosha kijana wa matatu. Hakumpunguzia, na sikuona ubaya. Kaburu alishukuru. Alilipa hapo hapo, akatoka nje wima zaidi kuliko alivyoingia.

Kingori alitungoja kwenye ngazi. Alikuwa na hasira, lakini zaidi alikuwa na huzuni, nilimwona. "Umetuaibisha, mzee. Tulikuja wote hawa. Shirleen nitamtafutia gari ingine."

"Ni sawa, mwenyekiti," Kaburu alisema. "Mwambie dereva asiwapigie wamama honi."

Kingori aligeuka, akaenda kupanda gari la kanisa. Lilipotupita hakuna aliyepunga mkono ila mama Tabby, ambaye hana uwezo wa kukasirika hadi mwisho. Shirleen alibebwa na gari jeusi lenye vioo vyeusi. Nililipamba mimi, kwa kuwa kazi ni kazi. Lilifika kanisani wimbo wa kwanza haujaisha, na wanawake wakabaki barabarani wakimalizia kuimba peke yao.

Lakini ninachotaka kusimulia ni safari ya kurudi kutoka kortini. Kaburu alimfungulia Mbeti mlango wa mbele, akamfunga mkanda, akamwekea shali magotini. Mimi nilikaa nyuma na albamu za maharusi wangu mapajani. Tulitoka Karatina kwa mwendo wake, ule wa siku zote, kwanza mabonde, kisha mashamba ya kahawa, na migomba ilipoanza nikajua tunakaribia kwetu. Boda boda ilitupita ikiwa imebeba kochi. Aliyeketi juu ya kochi alitupungia mkono.

Mbeti aliifuata kwa macho hadi ikapotea kwenye kona.

"Dereva," alisema, "hii gari iko na shida?"

"Haina shida, mama."

"Mbona haiendi?"

"Nimetoka kortini saa hii, mama," Kaburu alisema, macho barabarani. "Nilishikwa juu ya mbio."

Mbeti aligeuka kwenye kiti. Alimtazama kutoka kofia hadi viatu, polepole, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Kisha akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha kuvuka bonde. Kilikuwa kidogo, cha kumcheka mgeni anayejisifu.

"Wewe?" alisema. "Wacha uongo."

Niliona mikono ya Kaburu ikikaza usukani. Niliona shingo yake, na sikuona uso wake, na nashukuru kwamba sikuuona.

"Ni ukweli, mama," alisema tena.